Taa za mbele kwa gari la spoti la zamani: ipi inafaa Kitonga, Uyole na Tukuyu usiku?

Mwenye Subaru Impreza ya miaka ya 1990, Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, Datsun 240Z au MGB akiniuliza aweke taa gani, namuuliza kwanza: usiku unapita wapi? Anayezunguka Mbeya mjini kati ya Mafiati, Kabwe na Soweto hana sababu ya kutoa hela nyingi. Mwendo wa mjini ni mdogo, na mwanga wa maduka na wa magari mengine unamsaidia. Anayevuka Uyole kwenda Inyala, Chimala na Igawa, anayepanda Kawetire kuelekea Chunya, au anayeshuka Kitonga saa nne usiku katikati ya msururu wa malori ya Tunduma, huyo anahitaji taa ya kweli. Na taa ya kweli si lazima iwe ile inayong'aa nyeupe kuliko zote dukani.

Tazama unachotakiwa kukiona. Mtu anayetembea kando ya lami akirudi kutoka mnadani, baiskeli yenye gunia la mkaa, bodaboda isiyo na taa ya nyuma, matawi mabichi yaliyotandazwa na dereva ambaye lori lake limekufa hapo mbele. Vyote hivyo viko kushoto kwako. Kulia kwako anakuja dereva mwingine, na ukimmulika machoni anakujia kipofu. Kwa hiyo dimu (mwanga wa chini) nzuri kwa Tanzania ni ile inayopeleka mwanga mbali upande wa kushoto na kuukata chini upande wa kulia. Kila chaguo hapa nimelipima kwa kigezo hicho kwanza, ukali wa mwanga baadaye.

Gari la spoti lina shida ya ziada, nayo ni kimo chake. Taa iliyo sentimita 60 kutoka ardhini, ikielekezwa chini kwa asilimia 1 kama ilivyo kawaida ya dimu, mwanga wake unagusa lami mita 60 mbele. Land Cruiser yenye taa kwenye sentimita 90 inapata mita 90 kwa pembe ileile. Sasa weka breki kwenye hesabu. Kwa kilomita 60 kwa saa, lami ikiwa kavu, dereva aliye macho anahitaji takriban mita 45 kusimama, pamoja na sekunde moja na nusu ya kushtuka. Kwa 80 anahitaji karibu mita 70. Maana yake ni kwamba ukitumia dimu peke yake kwenye gari la chini, kwa 80 tayari unakimbia kuliko unavyoona, na hapo mvua ya Tukuyu haijaingizwa. Kinachokuokoa ni ule mwanga wa kushoto unaopanda na kwenda mbali zaidi ya hizo mita 60. Glopu kali haitakuongezea mita hizo kama umbo la mwanga wenyewe ni bovu.

Umeme kabla ya taa

Chaguo la kwanza halikai kwenye rafu ya taa kabisa, na ndilo ninalolipigania kuliko yote. Kwenye magari kama 240Z na MGB, umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya dereva: unazunguka njia ndefu yenye viungio vingi badala ya kwenda moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye taa. Waya umezeeka, viungio vimeota kutu, athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) imelegea. Betri inatoa volti 14 injini ikinguruma, lakini nyuma ya taa zinafika 12 au pungufu.

Upotevu huo unauma kuliko unavyoonekana kwenye mita. Mwanga wa uzi wa halojeni, yaani glopu ya uzi ya magari mengi, haushuki sambamba na volti. Unashuka kwa volti iliyopandishwa kwa kipeo cha takriban 3.4. Glopu hupimwa kiwandani kwa volti 13.2. Ukiilisha 12, inabaki na kama asilimia 72 ya mwanga wake. Ukiilisha 11, inabaki na kidogo zaidi ya nusu. Ndiyo ile taa ya rangi ya chai unayoiona kwenye magari ya zamani, na mwenye gari analaumu glopu wakati glopu haina kosa. Ukirekebisha waya hadi volti 13.5 zifike kwenye taa iliyokuwa ikipata 12, unapata mwanga zaidi kwa karibu nusu ya ule wa mwanzo, kwa glopu ileile.

Dawa yake ni rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) mbili za amperi 30, moja ya dimu na moja ya fulu (mwanga wa mbali). Waya wa milimita 2.5 za mraba unatoka betri moja kwa moja, fyuzi inakaa karibu na betri, na kila taa inapata athi mpya iliyofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Swichi ya zamani inabaki kuziamuru rilei tu, haibebi tena mzigo wa taa, kwa hiyo nayo inapona. Fundi umeme yeyote makini wa Mwanjelwa au Ipogolo anaimudu kazi hii. Mwambie jambo moja kabla hajaanza: magari mengi ya Kijapani hukata umeme wa taa kubwa upande wa hasi, si wa chanya. Apime kwanza, maana mchoro wa rilei uliotengenezwa kwa gari la Kiingereza hautafanya kazi kwenye gari la namna hiyo.

Kujua kama unahitaji kazi hii ni rahisi. Washa injini, washa dimu, pima volti kwenye betri, kisha pima nyuma ya glopu ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, usinunue taa yoyote mpya kabla ya kushughulikia waya.

Halojeni ya H4 ndani ya taa nzuri

Glopu ya H4 iliingia sokoni 1971 na mpaka leo ndiyo utakayoipata kila duka la spea kutoka Tunduma hadi Iringa. Ina nyuzi mbili, wati 60 za fulu na wati 55 za dimu, na kwa kipimo chake rasmi hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,650 kwa fulu na 1,000 kwa dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya riflekta, ile sahani ya ndani inayorudisha mwanga mbele. Kikombe hicho ndicho kinachochora mpaka wa mwanga, juu giza, chini nuru. Riflekta na kioo cha taa ndivyo vinavyoamua mwanga unapanda juu upande gani.

Hapo ndipo magari yetu ya zamani hutofautiana. MGB kutoka Uingereza na MX-5 kutoka Japani zimekuja na taa za nchi zinazoendesha kushoto kama sisi. Datsun 240Z nyingi zaidi ziliuzwa Marekani, na zinazotoka huko zina taa za kuendesha kulia. (Wazee wa huku wanaikumbuka 240Z kwa sababu nyingine: ilishinda Safari ya Afrika Mashariki 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena 1973 kwa Shekhar Mehta.) Hata kama usukani umeshahamishwa, taa haikuhama nao. Gari lililokuwa Marekani linaweza hata kuwa na taa ya kipande kimoja, kioo, riflekta na uzi vimeunganishwa pamoja, kwa kuwa sheria ya huko ililazimisha taa za namna hiyo tangu 1940 hadi 1983. Hiyo itoe yote.

Usimwulize muuzaji, soma kioo. Kwenye taa yenye alama ya E ndani ya duara, simama mbele ya gari ukitazama taa. Ukiona mshale unaoelekea mkono wako wa kulia, taa hiyo ni ya kuendesha kushoto, ndiyo yetu. Isipokuwa na mshale, ni ya kuendesha kulia. Mshale wenye ncha mbili unamaanisha inageuzwa. Wengi wanauziwa taa nzuri ya Ulaya, kioo safi, jina kubwa, na kila gari linalokuja linawapigia fulu mpaka Makambako kwa sababu mwanga unapanda upande wa dereva mwenzao.

Bahati ya 240Z, MGB na MX-5 ya kwanza ni kwamba zote zinatumia taa ya duara ya inchi 7, saizi ileile ya Land Rover na Land Cruiser za zamani. Kwa hiyo riflekta mpya ya H4 ya inchi 7 inapatikana bila kuagiza spea ya Datsun. Chagua yenye kioo cha kweli, si plastiki, na riflekta isiyo na mawimbi ukiitazama kwenye jua. Impreza ya miaka ya 1990 nayo inatumia H4, lakini taa yake ina umbo lake, kwa hiyo utabadilisha glopu ndani ya taa ya kiwandani au utafute taa kamili.

Glopu za halojeni zilizoboreshwa, za Osram au Philips zenye uzi uliosukwa kwa kubana, zinamulika mbali zaidi kwa wati zilezile 60/55. Gharama yake ni maisha mafupi. Kwa anayesafiri usiku mara chache zinafaa sana. Kwa anayelala barabarani, glopu ya kawaida ya kampuni inayoaminika pamoja na rilei ni busara zaidi, akiwa na nyingine ya akiba ndani ya gari.

Halojeni za wati 100/90 sizipendekezi, ingawa zinauzwa sana. Dimu mbili za wati 90 zinavuta amperi 15 badala ya 9, zinachoma soketi za plastiki na kubabua riflekta, na mwanga wa ziada unamwangukia anayekuja sawasawa na unavyoangukia barabara.

Glopu ya LED ndani ya taa ya halojeni

Hili ndilo chaguo linalovutia vijana wengi, na ninaelewa kwa nini. Unachomoa H4, unachomeka LED, dakika kumi umemaliza, na ukuta wa gereji unakuwa mweupe. Shida ni kwamba barabara haiko mita tatu kama ukuta wa gereji.

Riflekta ya H4 ilichorwa kwa uzi mwembamba unaotoa mwanga pande zote, uliokaa mahali pamoja mahususi. Glopu ya LED ina vipande bapa kwenye pande mbili za kipande cha chuma. Hata watengenezaji wazuri wakijitahidi kuviweka palepale uzi ulipokuwa, chanzo cha mwanga kina umbo na unene tofauti, na pande mbili zinabaki na kivuli. Matokeo yake mpaka wa mwanga unafifia, mwanga unavuja juu ya mstari, na mwanga mwingi unarundikana karibu na gari. Mwanga huo wa karibu unadanganya. Macho yanazoea lami nyeupe ya mita kumi mbele, mboni zinabana, na yule mwenye baiskeli aliye mita 70 anapotea gizani. Dereva anaapa kuwa anaona vizuri kuliko zamani, huku akiona vizuri mahali ambapo hawezi tena kufanya lolote.

Namba za kwenye boksi zisikutishe. Glopu inayovuta wati 30 ikiandikwa lumeni 20,000 ingehitaji kutoa zaidi ya lumeni 600 kwa kila wati, na hakuna LED nyeupe duniani inayokaribia hapo. Hata Ujerumani, ambako tangu 2020 baadhi ya glopu za LED za kubadilishia zimeruhusiwa, ruhusa inatolewa kwa taa ya gari mahususi baada ya kupimwa, na si kwa kila gari lenye tundu linaloingiliana.

Nikipewa nichague kati ya glopu ya LED ya bei nafuu na H4 ya kawaida yenye rilei, kwa safari ya Mbeya hadi Iringa, nachukua H4 bila kusita.

Zenoni za kuchomeka

Zenoni ya kiwandani, taa ya tao la umeme ndani ya gesi badala ya uzi, ilikuwa hatua kubwa ilipotokea kwenye BMW 7 Series 1991. Glopu ya D2S hutoa takriban lumeni 3,200 kwa wati 35 tu, zaidi ya mara tatu ya dimu ya H4. Lakini kwa sababu ya ukali huo, kanuni za Ulaya zinataka taa inayozidi lumeni 2,000 iwe na mtambo wa kujisawazisha gari linapobeba mzigo na kifaa cha kuosha kioo. Vifurushi vinavyouzwa kwa magari ya H4 havina kimoja kati ya hivyo. Vina glopu yenye tao la umeme lenye umbo tofauti na uzi, balasti (kifaa cha kuilisha glopu umeme) ya kufungwa popote itakapopata nafasi, na msukumo wa kuwashia wa maelfu ya volti unaopita kwenye gari lenye waya wa miaka 40. Mwanga wake kwenye riflekta ya halojeni unapofusha kuliko ule wa LED. Kwa hili sina la kupima: achana nalo.

Kama gari lako la Kijapani la mwishoni mwa miaka ya 1990 lilitoka kiwandani na zenoni, hadithi ni nyingine. Glopu za zenoni huchoka polepole bila kuzimika, kwa hiyo mwenyewe hutambui. Nunua mpya mbili za aina ileile na ubadilishe zote pamoja. Hutahitaji kitu kingine.

Taa nzima ya LED ya inchi 7

Hapa LED inakuwa jambo la heshima, kwa sababu chanzo cha mwanga, riflekta na lenzi vimechorwa pamoja. Taa nzuri ya namna hii inamwaga mwanga kwa upana kuliko H4, na upana ndio unaohitajika Kitonga. Kwenye kona kali, taa inayomulika mbele tu inamulika mwamba au hewa juu ya korongo, wakati unachotaka kuona ni ukingo wa lami unaojipinda. Inavuta umeme kidogo, jambo linalopumzisha altaneta ya zamani, na haififii haraka volti zikishuka kidogo, kwa kuwa kifaa chake cha ndani kinadhibiti umeme.

Nina mambo matatu ya kukuonya. Kwanza, taa nyingi za saizi hii zimetengenezwa kwa ajili ya Jeep za Marekani, kwa hiyo mwanga wake unapanda kulia. Kwetu hiyo ni kasoro kamili, haijalishi bei yake. Pili, nyuma yake kuna mapezi ya kupooza joto, na ndoo ya taa ya 240Z au MX-5 huenda isiwe na kina cha kutosha. Pima kabla ya kulipa, na kwa MX-5, ambayo taa zake huinuka na kujificha, hakikisha taa inafungua na kufunga bila kugusa kitu. Tatu, ikifa, imekufa yote. Kokoto ya lori ikivunja kioo cha H4 pale Chimala, unapata kioo kingine cha inchi 7 siku hiyohiyo. LED nzuri unaiagiza na kusubiri.

Kuna na jambo dogo la baridi. Kioo cha halojeni kinapata joto na kukausha umande wenyewe. Kioo cha LED kinabaki baridi, na asubuhi za Juni na Julai upande wa Makete na Kitulo, ambako jalidi huanguka, utatoka nje na kitambaa.

Projekta ndani ya taa ya zamani

Projekta ni lenzi nene yenye ngao ndani yake inayokata mwanga kwa usafi kabisa. Mpaka wake ni mkali, juu hakuvuji kitu, na inayoitwa ya pande mbili inashusha ngao ili kutoa fulu. Kwa Impreza na magari mengine ambayo hayana taa ya duara, hii ndiyo njia pekee ya kupata mwanga wa zenoni au LED bila kuwaumiza wengine.

Ila ni kazi ya fundi mwenye mkono mzuri na subira. Taa inafunguliwa kwa joto, projekta inapangwa sawasawa kwenye riflekta, kisha taa inazibwa tena kwa gundi ya mpira. Ikizibwa vibaya, mvua za Rungwe zitakuonyesha ndani ya wiki, na riflekta yenye ukungu wa ndani ni mbaya kuliko taa uliyoanza nayo. Hakikisha ngao ni ya kuendesha kushoto kabla ya kuziba. Na kama taa yako ni nadra, nunua nyingine ya mtumba ya kufanyia kazi, uiweke ya asili kabatini.

Mwenye Impreza aliyeridhika na mwanga wa zamani ila plastiki ya taa yake imekuwa ya njano, asifikirie projekta bado. Msasa wa maji kuanzia 800 hadi 3,000, kisha dawa ya kung'arisha, kisha rangi angavu inayozuia miale ya jua. Dawa ya meno inang'arisha siku chache tu, maana haizuii jua.

Ukungu

Isongole hadi Kiwira, Kawetire, na kati ya Makambako na Njombe, kuna usiku ambapo taa zote hizi zinakuwa sawa, maana ukungu unarudisha mwanga machoni pako. Wengi wanaamini mwanga wa njano unapenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga wa rangi yoyote, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawa. Njano ina faida ndogo ya kutoumiza macho kama bluu, na Ufaransa iliilazimisha kwa magari yake tangu miaka ya 1930 hadi 1993, lakini kinachosaidia kweli ni mahali taa ilipo. Jozi ya taa za ukungu zilizofungwa chini kabisa ya bampa, mwanga mpana wenye mpaka mkali juu, inapita chini ya ukungu na kukuonyesha ukingo wa lami. Gari la spoti, kwa uchini wake, hapo lina nafasi nzuri kuliko Land Cruiser. LED za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6,000 na kuendelea, zenye ubluu, ndizo zinazofanya vibaya kuliko zote kwenye ukungu. Halojeni, ambayo iko karibu na 3,200, inavumilika zaidi.

Basi uchukue ipi?

Ukiwa na gari la taa za duara na safari zako za usiku ni za hapa na pale, chukua H4 ya inchi 7 yenye kioo, mshale wa upande wetu, rilei mbili na glopu 60/55 ya kampuni inayoaminika. Hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa watu wengi wa Mbeya na Iringa, na ni la pili kwa unafuu baada ya kurekebisha waya peke yake. Linatengenezeka popote.

Ukiwa unapita Kitonga usiku kila mara, na hela ipo, LED nzima ya inchi 7 inayotambulika kuwa ya kuendesha kushoto inakulipa kwa upana wake. Usiitupe H4 uliyoitoa. Iweke, ipo siku utaihitaji.

Ukiwa na Impreza: waya, plastiki, glopu, kwa mpangilio huo. Ukimaliza hayo matatu na bado hujaridhika, projekta. Ukiwa mtu wa Tukuyu au Njombe, ongeza taa za ukungu kabla ya kufikiria kitu chochote cha bei kubwa.

Na chochote utakachofunga, kielekeze. Tafuta ukuta wima mbele ya uwanja tambarare. Jaza upepo wa matairi kama kawaida, weka nusu tangi la mafuta, na mtu wa uzito wako akae kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari karibu na ukuta, chora alama kwenye kimo cha katikati ya kila taa, kisha rudi nyuma mita 10. Ukiwasha dimu, mpaka wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya alama, na kutoka katikati ya kila taa mwanga uinuke kuelekea kushoto. Ukipanda kulia, taa hiyo si ya nchi hii, hata ukizungusha skrubu zote. Ukipanga kwenda na abiria na mizigo, rudia kipimo gari likiwa limebeba, maana mkia wa gari la spoti ukishuka pua inapanda, na sentimita chache ukutani zinatosha kumpofusha dereva wa lori anayekuja kutoka Igawa.